Shamba Lisilo na Kesi

Swali la kwanza la kuuliza gemu yoyote ya ukulima ni hili: shamba limetoka wapi? Wasee wengi hawaulizi. Wanakimbilia kujua mbegu zinauzwa wapi, ng'ombe ni pesa ngapi, na ni nani kijijini anaweza kuolewa. Lakini ukisimama kidogo mlangoni, kabla hujashika jembe, utaona kwamba sehemu kubwa ya utamu wa gemu hizi huisha ndani ya dakika tano za kwanza, pale unapokabidhiwa ardhi.

Chukua Stardew Valley. Inaanza na mzee kitandani, ndevu nyeupe, anakaribia kutuaga. Anakupa bahasha na kukuonya usiifungue mpaka siku utakayolemewa na maisha. Miaka inapita. Sasa uko kwenye ofisi za kampuni inayoitwa Joja, mmepangwa kwa vyumba vidogo kama kuku wa mayai, na kwenye dawati moja mfanyakazi amebaki mifupa mitupu, hakuna aliyegundua. Unavuta droo, unatoa ile bahasha, unasoma: babu amekuachia shamba. Unapanda basi. Ukishuka, Robin fundi seremala anakupokea, Lewis ambaye ni meya anakukaribisha nyumbani, na asubuhi yake unakuta umeachiwa pakiti ya mbegu 15. Mfukoni una pesa 500. Haya, anza.

Sasa isome barua hiyo kama Mkenya. Haina shahidi. Haina wakili. Hakuna barua ya chifu yenye majina ya watoto wote wa marehemu, hakuna tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza. Hakuna mke wa pili anayeshuka kwenye matatu siku ya mazishi akiwa na watoto watatu wanaofanana na marehemu. Na juu ya yote, mzee amemruka mtoto wake mwenyewe na kumpa mjukuu! Wazazi wako wako hai kwenye gemu hiyo. Mara moja moja mama anakutumia biskuti kwa posta, baba anakutumia salamu na pesa kidogo. Hakuna hata mmoja anayeuliza, "Na mimi je?" Kama ningeandika hadithi fupi yenye familia kama hiyo, mhariri angeirudisha akitaka kujua watu hawa wametoka sayari gani.

Natania, lakini si sana. Guka wangu alifariki 2017 akaacha ekari mbili na nusu Murang'a, kahawa, ng'ombe mmoja na watoto sita. Mama yangu ni mmoja wa hao sita, na ni binti. Sheria ya mirathi inamhesabu sawa na ndugu zake, Katiba ya 2010 pia. Wajomba zangu wawili wana hesabu yao tofauti: binti shamba lake liko kwa mume, na kama hakuolewa, hilo ni swala lake na mungu wake. Mama hakuolewa. Mimi nimelelewa kwenye boma hilo. Kesi iko kortini tangu 2018, na kila inapotajwa huahirishwa, mara faili haionekani, mara mjomba mmoja ni mgonjwa.

Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba gemu za ukulima zinapendwa kwa sababu "zinatuliza akili", namwangalia tu. Haya ndiyo maelezo utakayoyasikia kila mahali, na kwa wenyewe waliozianzisha yana ukweli. Gemu iliyofungua njia hii ni Bokujō Monogatari, iliyotoka Japani mwaka wa 1996 na kuuzwa Marekani kwa jina la Harvest Moon. Mwanzilishi wake, Yasuhiro Wada, alikulia mashambani kule Kyushu, kisiwa cha kusini, kisha akahamia Tokyo kutafuta maisha. Wakati ambapo gemu nyingi zilikuwa za kupiga na kupigwa, yeye akaamua kutengeneza moja ambayo kazi yake ni kumwagilia turnipu na kukama ng'ombe. Amesimulia hadharani jinsi mashamba ya utotoni mwake yalivyoingia humo. Ni gemu ya mtu aliyekumbuka kwao.

Sawa. Lakini mimi siwezi kusema nimekumbuka kwetu kwa namna hiyo. Sisi wa Nairobi hatujapoteza kijiji. Kijiji kinatupigia simu kila Jumapili kuuliza kama tumekula, na baada ya dakika mbili kinauliza kama tuna kitu cha kununua mbolea. Tunarudi Krismasi, tunarudi mazishini, tunajua vizuri baridi ya saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na ndoo ya maziwa mkononi. Kijana wa Tokyo anaweza kuota kuhusu matope. Kwangu matope si ndoto, ni viatu vilivyoharibika Aprili. Na bado nimecheza Stardew mwaka wa nne sasa, usiku, kwenye simu iliyopasuka kioo, katika bedsita ya Kahawa West. Lazima kuna kitu kingine kinachonishika.

Nilipocheza Harvest Moon: Back to Nature, ile ya PlayStation ya mwaka wa 1999 (niliiweka kwenye simu kwa programu inayoigiza PlayStation, kama wasee wengi), nilianza kukiona. Humo pia babu amefariki na kuacha shamba. Tofauti ni kwamba wanakijiji hawakuamini. Wanakupa miaka mitatu. Ukilifufua shamba na kujenga urafiki nao, utabaki. Ukishindwa, utafungasha. Huo ni ukoo umekaa chini ya mwembe unajadili kama wewe ni mtu wa kupewa kitu! Nilicheza nikiwa na wasiwasi ambao sikuutarajia kwenye gemu yenye muziki wa kitoto. Nilikuwa nampelekea kila mtu zawadi, kila siku, kama mgombea wa MCA.

Stardew ilirithi wazo hilo ikalilegeza. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu, mzuka wa babu unarudi kukagua kazi yako na kuwasha mishumaa kwenye madhabahu yake, kuanzia mmoja hadi minne. Lakini hata akikuwashia mmoja, hakunyang'anyi chochote. Unaweza hata kumpelekea almasi akupime upya, jambo ambalo kwetu lina jina lake. Kwa ufupi, kati ya 1999 na 2016 kesi ya shamba iliondolewa kabisa kwenye gemu hizi. Hii ndiyo Stardew iliyoteka dunia, nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa, na siamini ni bahati tu.

Ukishapewa ardhi, kinachofuata ni pesa, na hapa ndipo gemu hii ni tamu hata unasikia vibaya.

Nje ya nyumba yako kuna sanduku la mbao. Chochote unachotaka kuuza, unatupa humo. Ukilala, pesa zinaingia. Asubuhi unaamka nazo. Bei zinajulikana: mbegu ya parsnip, ile karoti nyeupe ya wazungu, unanunua kwa 20, siku nne baadaye unauza kwa 35. Koliflawa mbegu ni 80, siku 12, unauza 175. Namba hizo nilizijua kwa kichwa kabla ya kujua namba yangu ya KRA. Hazibadiliki kwa sababu jirani naye alipanda koliflawa. Ukitupa mia moja kwenye sanduku au ukitupa moja, bei ya kila moja ni ileile. Hakuna mtu anayeinua zao lako juani, kuligeuzageuza na kukuambia kwamba leo soko limejaa. Anayekusanya mazao usiku ni Lewis, meya yuleyule, na hajawahi kukata chochote.

Hali ya hewa nayo. Unawasha televisheni na inakuambia kesho kutanyesha, na kesho kunanyesha. Haijawahi kukosea. Mvua yenyewe ni likizo, maana siku hiyo humwagilii. Mara chache radi hupiga mmea mmoja, kunguru hula mimea ukikosa sanamu ya kuwafukuza, na majira yakibadilika usiku wa tarehe 28 mazao mengi hukauka. Lakini hayo yote unaambiwa mapema. Mtu aliyeona masika ya 2024 yakiteremsha kilima kizima na chai yake hawezi kucheza gemu hii bila kutabasamu kidogo.

Krismasi iliyopita nilimwonyesha shosho. Ana miaka 81, haoni vizuri, alishika simu karibu na pua. Kilichomvutia ni kahawa, kwa sababu Stardew ina kahawa. Nilimweleza kwamba mbegu ukiipanda inazaa baada ya siku kumi, halafu inazaa tena kila baada ya siku mbili mpaka kiangazi kiishe. Punje tano unaziweka kwenye pipa, baada ya saa mbili una kikombe, unakiuza 150 au unakunywa ukimbie haraka zaidi. Alicheka kuhusu siku kumi. Mche wake wa mwisho ulimchukua karibu miaka mitatu. Kisha akaniuliza kwa Kikuyu swali ambalo sijawahi kulisoma katika uhakiki wowote wa gemu hii: nani ananunua?

Nikamwambia ni Lewis anakuja usiku.

Anaipeleka wapi?

Sikuwa na jibu, kwa sababu gemu haina jibu. Akasema huyo Lewis ni malaika, ama ni mwizi ambaye hajashikwa.

Ni uhakiki wa haki. Yeye amepeleka kahawa kiwandani kwa zaidi ya miaka hamsini. Unachuma, unachagua mbichi na mbivu, unabeba mpaka kiwanda cha ushirika, inapimwa, unapewa risiti. Halafu unangoja. Miezi. Ikikobolewa, ikichanganywa na ya wengine, ikiuzwa mnadani Nairobi, makato yakikatwa na kila aliyeigusa njiani, ndipo unaambiwa kilo moja ya mwaka huu ni shilingi ngapi. Nyumba ya mawe ambayo wajomba wanaigombania ilijengwa na guka 1977, na ilijengwa na baridi ya Brazili: jalidi iliua kahawa kule 1975, bei ya dunia ikapanda, na mzee mmoja wa Murang'a akanunua mabati. Mwaka wa 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo ya kahawa kwa mafungu ulivunjika, bei ikaporomoka, na nyumba hiyo haijaongezwa chumba tangu hapo. Shosho hajawahi kukosea chochote kwenye miti yake. Alipogoa alipofaa kupogoa. Bei yake iliamuliwa na hali ya hewa ya bara lingine na mkutano wa watu asiowajua.

Nikikumbuka hilo, lile sanduku la mbao linaonekana kama kitu cha ajabu kuliko dubwana lolote la migodini. Unafanya kazi, na kesho unalipwa bei uliyoijua ulipoanza. Eric Barone aliyelitengeneza anastahili kusimuliwa hapa. Alimaliza shahada ya kompyuta 2011 katika jimbo la Washington, Marekani, akakosa kazi, akaanza kutengeneza gemu ili kunoa ujuzi wake. Aliichora, akaandika programu yake, akatunga muziki wake, peke yake, kwa takriban miaka minne na nusu, huku usiku akifanya kazi ya kuelekeza watu viti katika ukumbi wa maonyesho Seattle. Ilitoka tarehe 26 Februari 2016. Mtu aliyebuni sanduku linalolipa kila asubuhi alikaa miaka minne na nusu bila sanduku kumlipa. Nadhani inaonekana. Hakuna mtu aliyewahi kulipwa kwa wakati maisha yake yote angeweza kuwaza jambo hilo kwa hamu namna ile.

Mimi naandika kwa kibarua. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokata, na tangu hapo naandikia yeyote mwenye nafasi. Kuna tovuti moja niliyoiandikia makala tatu mwaka jana. Zilichapishwa, zikasambazwa, nikatuma ankara. Ni mwezi wa nne. Nikiuliza naambiwa iko kwa mhasibu. Usiku nikitupa blueberi kwenye sanduku na kulala, sitaki kusema napumzika. Nafanya kazi ileile ya mchana, ila hii inalipa.

Ukizipitisha gemu nyingine kwenye maswali haya mawili, shamba ni la nani na analipa nani, zinajipanga zenyewe.

FarmVille haitachukua muda. Ilianza 2009 kwenye Facebook, kilele chake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 80 kwa mwezi, ikafungwa tarehe ya mwisho ya 2020. Nilikuwa mdogo, lakini binamu yangu alikuwa anakimbia saiba baada ya shule, shilingi moja kwa dakika, kuvuna kabla mazao hayajanyauka. Alikuwa analipia kufanya kazi. Sina la kuongeza.

Hay Day, ya Supercell kutoka Ufini, ilijifunza kwa FarmVille: mazao yake hayanyauki, yatakungoja hata mwaka. Ngano inaiva kwa dakika mbili, unaweza kuvuna ukiwa kwenye foleni ya M-Pesa. Kilichonipendeza ni kibanda chako cha barabarani. Wanunuzi ni watu halisi, wachezaji wenzako, na bei unapanga wewe ndani ya mipaka ya gemu. Hapo ndipo nilipokutana na madalali! Wapo. Wanazunguka vibanda vya watu wasiojua bei, wananunua rahisi, wanaenda kuuza kwao kwa bei ya juu kabisa inayoruhusiwa. Nilihisi niko nyumbani. Ni gemu pekee kati ya hizi ambayo imenifanya niseme kwa sauti, peke yangu kejani, "Huyu mtu ni mjinga, hizi mbao anauza hasara," halafu nikazinunua zote. Lakini inahitaji intaneti kila wakati, na kila ukikwama inakuonyesha almasi za kununua kwa pesa ya kweli. Uvumilivu wako ndio bidhaa. Bando likiisha, shamba limefungwa, na hapo unaelewa kwamba hukuwahi kupewa hati.

Farming Simulator ndiyo wahakiki huiita halisi. Inatengenezwa na GIANTS Software ya Uswisi tangu 2008, na matrekta yake ni ya majina unayoyajua barabarani: Massey Ferguson, New Holland, John Deere. Niliicheza kwa rafiki mwenye kompyuta nzuri. Kusema kweli, katika mambo ya pesa ndiyo inayosema ukweli zaidi ya zote. Unaanza na mkopo wa benki. Bei za mazao zinapanda na kushuka na zinatofautiana kati ya mnunuzi mmoja na mwingine, kwa hivyo mtu mwenye ghala la kungojea hupata kuliko anayeuza siku ya mavuno, jambo ambalo mkulima yeyote wa mahindi wa Trans Nzoia angekueleza bila kompyuta. Ukiajiri msaidizi wa kuendesha trekta, mshahara wake unakatwa huku unauona. Tatizo langu nayo ni upweke. Shamba kubwa, kombaini ya mamilioni, na hakuna binadamu wa maana wa kuzungumza naye. Ni shamba la mtu aliyeshawanunua majirani wote. Ukitoka Narok au Uasin Gishu labda utaitambua ardhi hiyo. Mimi natoka mahali ambapo mpaka wa shamba ni mti wa mukungugu, na jirani anajua ulikula nini jana.

Hivyo narudi kwa Stardew, lakini si bila malalamiko. La kwanza ni Joja. Gemu inataka uichukie supermaketi hiyo na umpende Pierre mwenye duka dogo, na ili kuhakikisha, mwanzoni imepanga mbegu za Joja ziwe ghali kuliko za Pierre. Wapi duniani? Supermaketi huua duka dogo kwa kuuza rahisi. Barone angetuwekea bei rahisi upande wa Joja, kisha angetuacha tuone kama upendo wetu kwa kijiji unavuka shilingi ishirini. Hiyo ingekuwa gemu ngumu zaidi, na mimi naogopa ningeshindwa.

La pili ni zito zaidi. Mwaka wa kwanza unalima kwa mikono. Una nguvu 270, kila ukipiga jembe zinapungua, saa nane usiku unaanguka ulipo, na wanaokuokota wanakukata pesa kidogo. Unachagua: nimwagilie au nikavue samaki? Hapo gemu iko kwenye ubora wake. Unajua kila mmea. Lakini kufikia mwaka wa tatu una mitambo ya kumwagilia, una mabanda yaliyojaa mapipa ya divai kutoka ukuta hadi ukuta, na vibanda vya Junimo, vile vizimwi vidogo vya msituni vinavyokuvunia bila kudai mshahara. Divai yote inaingia kwenye sanduku, bei haishuki, mamilioni yanaingia. Umetoroka kiwanda cha Joja ukajenga chako, tena chenye wafanyakazi wasiolipwa. Gemu hailioni hilo. Inakupa mshumaa wa nne.

Kazi ya mtu mwingine ndiyo kitu ambacho karibu gemu hizi zote hukificha. Kule kwetu msimu wa kahawa ukifika, shosho hawezi kuchuma peke yake, lazima vibarua waje, wanalipwa kwa debe, na wanalipwa jioni hiyohiyo kwa pesa taslimu, wakati yeye mwenyewe atalipwa miezi baadaye. Kwa hivyo anakopa ili kuwalipa. Mwanamke wa miaka 81 anakuwa benki ya kiwanda. Hebu fikiria gemu yenye sheria hiyo moja tu. Una kahawa mbivu mtini, una siku nne kabla haijaanguka, mfukoni huna kitu, na watu watano wamesimama langoni na madebe yao. Ningeicheza kesho. Nani atakuwa na ujasiri wa kuiita ya kutuliza akili, sijui.

Watu wazima wa nchi hii wana wimbo mmoja kwa kijana asiye na kazi: rudi shambani, kilimo ni biashara. Nimeusikia kanisani, kwenye redio, na kwa mjomba yuleyule aliyeweka pingamizi dhidi ya mama. Wanadhani tunaogopa jembe. Lakini angalia mamilioni ya watu wanaomwagilia koliflawa za kuchorwa baada ya saa kumi za kazi ya kweli, wanaamka asubuhi ya gemu, wanapalilia, wanalisha kuku, bila kulazimishwa na mtu. Jembe halijawahi kuwa shida. Wape ardhi ambayo jina lao liko juu yake, bei iliyotajwa kabla ya kupanda, malipo kesho yake, na watalima mpaka saa nane usiku waanguke. Barone aliwapa hivyo kwa bei ya chips kuku na soda.

Mama alinipigia Jumanne. Kesi imesogezwa tena, safari hii mpaka Oktoba, na wakili anataka pesa kidogo ya nauli. Ameniuliza kama ile hela ya tovuti imeingia. Kwenye simu nimeanza faili jipya, mwaka wa kwanza, bila mapipa, na leo ni tarehe 12 ya machipuo. Kesho ni Sherehe ya Mayai, siku ambayo mbegu za stroberi huuzwa uwanjani, 100 kila moja. Nina 1,400. Nikizipanda usiku huohuo nitavuna mara mbili kabla ya tarehe 28, na kila moja ni 120.